Faili Thelathini na Moja za Maman Colombe

Kamati ya Ulinzi na Usalama ilikufa Jumanne, saa tano na robo asubuhi, kwa kuinua mikono. Colombe Nsimire alikuwa ameketi mahali pake pa siku zote, kwenye meza ndogo nyuma ya kiti cha mwenyekiti. Aliandika: waliokubali, thelathini na wawili, waliokataa, hakuna. Alipoinua kalamu aliona amekandamiza neno "hakuna" mpaka karatasi imetoboka.

Kwa mwezi mzima wabunge wa mkoa walikuwa wakilizungumzia jambo hilo hapa Bukavu, bungeni na redioni. Kamati moja, walisema, haiwezi kusimamia jeshi, polisi, mipaka na watu wa upelelezi kwa wakati mmoja. Ikigawanywa mara tatu, kila moja itaifuata kazi yake kwa karibu, na hao watu wa upelelezi, ambao hawajazoea kuulizwa na mtu, sasa wataulizwa. Aliposikia mara ya kwanza, Colombe alifurahi. Alikuwa katibu wa kamati ile kwa miaka kumi na sita. Katika miaka hiyo alipiga chapa barua arobaini za kumwita mkuu wa upelelezi ajieleze, na mkuu, kila aliyekuwa na cheo hicho, alikuja mara mbili.

Furaha hiyo ilidumu mpaka alipopewa rasimu ya mageuzi aipige kwenye kompyuta. Kurasa nane zilihusu wenyeviti watatu, makamu watatu, vyumba vitatu, na nani atatangulia kutumia gari. Watu walikuwa na kifungu kimoja tu, cha kumi na tisa, chini kabisa. Kilisema kwamba mashauri yote yaliyokuwa mbele ya kamati ya zamani yamefutika. Mlalamikaji anayetaka shauri lake liendelee atalileta upya, kwa sahihi yake mwenyewe.

Kabatini kwa Colombe kulikuwa na mashauri thelathini na moja. Yote yalihusu watu waliokamatwa na watu wa upelelezi wakafungwa bila kumwona hakimu, mahali ambapo mke, ndugu wala wakili haingii. Nani angewapelekea kalamu?

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minne, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi upande mmoja. Alizaliwa Walungu, binti wa katekista, akasomea ukatibu kwa masista. Aliishi Kadutu na mume wake Venant, mwalimu wa jiografia, na kila asubuhi alishuka kazini kwa miguu, viatu vizuri vikiwa ndani ya mfuko kwa ajili ya matope. Kikaoni hakusema neno. Hiyo ndiyo desturi ya katibu wa kamati: anaandika ya wanaosema, na akihitajika kujibu, anasogeza karatasi.

"Maman Colombe hajuake kukasirika," Floribert, tarishi wa bunge, alipenda kuwaambia wageni. "Huyu mama ni kama kanisa siku ya Jumatatu."

Floribert hakujua. Colombe alikuwa na hasira tangu mwaka 1998, kaka yake Edouard alipochukuliwa nyumbani akioga, povu la sabuni likiwa bado masikioni. Mama yao alizunguka kila ofisi ya mji huu akiomba karatasi moja tu, yenye kusema kwamba mwanawe alichukuliwa, siku fulani, na watu fulani. Hakuipata mpaka anakufa. Kwa serikali, Edouard hakuwahi kukamatwa. Alikosekana tu, kama kijiko kinavyokosekana jikoni. Ndiyo maana Colombe aliandika kila kitu, hata kikohozi cha shahidi.

Faili ya kumi na saba ilikuwa ya Idrissa Amuri, mtu wa familia ya wafanyabiashara wa Uvira. Idrissa alikuwa akiwauzia wachimba dhahabu wa Kamituga buti za plastiki, zile ndefu zinazofika magotini. Siku moja alikuwa akitoka Uvira kuja Bukavu na jozi mia tatu ndani ya lori. Karibu na Sange watu wa upelelezi wakamsimamisha. Buti hizi ni za nani? Za wachimbaji. Wakacheka. Mchimbaji, walisema, huchimba hata miguu mitupu. Anayehitaji buti mia tatu kwa mpigo ni muasi porini. Lori likarudishwa baada ya wiki mbili, tupu. Idrissa hakurudishwa.

Mke wake, Chadia, alikuja ofisini kwa Colombe miezi mitano baadaye, kitambaa chake cha kichwa kimelowa mvua, na hakukaa alipoambiwa akae.

"Wananiambia Idrissa haiko kule," alisema. "Sawa. Kama haiko, nani anakulaka ugali yangu? Kila siku ninapeleka sahani asubuhi, inarudi jioni imelambwa. Ni panya ya serikali?"

Colombe alitaka kucheka, kisha akaona macho ya yule mwanamke. Akaandika maneno hayo jinsi yalivyotamkwa, akayasoma kwa sauti, Chadia akatia sahihi kama shahidi, naye Idrissa akaingia katika faili akiwa na namba. Ikachukua miezi sita mingine ya kumfuata mwenyekiti kwenye ngazi na kumsogezea barua ileile mpaka aisaini. Sasa ilikuwa imesainiwa na kupelekwa. Mkuu wa upelelezi aliitwa mbele ya kamati Alhamisi tarehe ishirini na tatu, saa nne asubuhi, aeleze Idrissa Amuri yuko wapi. Kamati ikafa Jumanne tarehe kumi na nne.

Baada ya kura Colombe alimfuata aliyekuwa mwenyekiti wake, Honorable Patrice, ambaye alikuwa akikusanya vitu vyake: kibao cha jina, mto mdogo wa kukalia, chaja.

"Honorable, na dossiers?"

"Dossiers gani, Maman?"

"Zile faili thelathini na moja. Kifungu cha kumi na tisa kinataka wasaini upya, wao wenyewe."

"Basi wasaini. Mutu akikuwa na shida, anarudiaka."

"Wako mu cachot, wamefungwa, Honorable."

Patrice alifikiri kidogo. "Basi wangojee watoke," alisema kwa upole, "kisha walete." Akatia mto kwapani, akaenda zake.

Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililomchoma Colombe. Angekuwa mbaya angalau angejua alichokisema.

Chadia alipokuja alasiri, kama alivyozoea kuja kila Jumanne, Colombe alimweleza yote bila kuzunguka. Yule mwanamke akamsikiliza mpaka mwisho.

"Weye uliniambia dossier iko njiani."

"Ilikuwa njiani."

"Na sasa njia imekunjwa kama mukeka." Alicheka, kicheko kibaya. "Nipeleke karatasi kule gerezani, niwaambie muniitie ule mutu mwenye hamuna, atie signature?"

Floribert alikuwa mlangoni. "Maman, nipe kalamu. Miye ninaweza kusaini kama Idrissa, kama Papa, kama askofu."

"Wakigundua, watamufunga Chadia pembeni ya bwana yake," Colombe alisema. "Na dossier itakufa vizuri zaidi. Toka."

Siku mbili zilizofuata bunge lilijaa kelele, lakini si za faili. Wenyeviti watatu wapya waligombania friji ya kamati ya zamani. Kila mmoja alikuwa na sababu. Mwenye kamati ya mipaka alipokea wageni wa nje. Mwenye polisi alikuwa na kisukari na dawa zake zilitaka baridi. Na Honorable Télesphore, mwanasheria wa Muhumba, mrefu, mwenye manukato na simu tatu, aliyepewa kamati mpya ya kusimamia upelelezi, alisema friji iko katika chumba chake, basi ni yake. Mwenye polisi akasema kwa hasira: kama ni hivyo itupwe, imeshaoza hata hivyo.

Mtunza vifaa wa bunge, mzee aliyezeekea stoo, alikuja na daftari lake. "Honorables, pole. Friji ni kitu ya serikali. Kitu ya serikali haitupwe na mudomo. Hata ikioza, inatoka kwa karatasi: nani amesema imeoza, jina yake, na signature yake."

Hakuna aliyetaka jina lake liandikwe kwamba aliua friji.

Colombe alikuwa akipita na chai. Alisimama na sinia mkononi mpaka chai ikapoa.

Katika nchi yetu hakuna anayetoka ofisini hivihivi. Hata mkuu wa stoo ya kijiji, akiondoka, hufanya makabidhiano, yale watu wote wanayoyaita remise-reprise. Vitu vyote vinaorodheshwa. Mtu mmoja anashika kila kitu na kukitaja kwa sauti, anayeondoka anajibu "natoa," anayeingia anajibu "napokea," na kila ukurasa unatiwa sahihi ndogo za wote wawili. Watu wanaweza kusahau sheria wakiwa katikati ya kuitunga, lakini remise-reprise hawaisahau, kwa sababu asiyepokea vizuri ndiye atakayeulizwa kiti kilikwenda wapi.

Kuandaa orodha ilikuwa kazi ya katibu. Colombe aliiandaa Ijumaa na Jumamosi. Aliandika meza mbili, viti kumi na vinne, feni moja, saa ya ukutani isiyotembea, friji isiyogandisha, na vinginevyo mpaka kitu cha ishirini na mbili. Kisha, kuanzia cha ishirini na tatu hadi cha hamsini na tatu, akaandika faili, moja moja, kila moja na jina la mtu, idadi ya karatasi, na barua ya mwisho iliyotoka juu yake. Hakuficha chochote. Aliziandika kwa herufi kubwa kuliko za viti.

Jumatatu asubuhi walikutana katika chumba cha kamati: Patrice wa kuondoka, Télesphore wa kuingia, Colombe na orodha, na Floribert wa kushika vitu, kwa kuwa alikuwa na sauti.

"Kiti ya tano! Mugulu moja inalegea!"

"Natoa."

"Napokea."

"Feni moja! Inazunguka ikipenda!"

"Floribert, taja kitu, usiihubiri," alisema Télesphore bila kuinua macho kwenye simu.

Walifika kwenye cha ishirini na tatu. Floribert aliinua faili ya kijivu, akaipiga kofi kutoa vumbi, akasoma jina la mtu na karatasi zake kumi na mbili. Patrice akasema "natoa" kwa mazoea. Télesphore akainua macho. Aliweka simu mezani.

"Hii ni nini? Kifungu cha kumi na tisa kimezifuta."

Colombe angesogeza karatasi, lakini swali hilo halikuwa na karatasi ya kulijibu.

"Kifungu kimefuta mashauri, Honorable," alisema. "Karatasi hakikuzifuta. Ni vitu vya serikali, sawa na kabati zilimo."

"Basi ziache humo humo."

"Kwa jina la nani? Honorable Patrice anatoka leo mikono mitupu. Kama nyinyi hamuzipokei, tuandike kwamba zinaharibiwa. Fomu ziko hapa."

Alitoa fomu thelathini na moja. Kila moja ilisema: Mimi, Honorable Télesphore, nimeagiza karatasi zinazomhusu fulani, aliyekamatwa siku fulani, ziharibiwe. Majina yote yalikuwa yameshajazwa. Sahihi tu ndiyo iliyobaki.

Télesphore alisoma ya kwanza, akasoma ya pili, akageuza ya tatu kuona nyuma yake. Alikuwa mwanasheria, na alijua karatasi ya namna ile huishi miaka mingi kuliko uheshimiwa.

"Patrice, saini weye. Zilikuwa zako."

"Miye?" Patrice alizinduka. "Mutu mwenye kutoka haharibu, anatoa. Nimeisha kutoa. Hata Floribert amesikia."

"Nimesikia," Floribert alisema. "Ametoa."

Télesphore alimtazama Colombe kana kwamba kiti cha tano kimefungua kinywa. "Maman, nani alikufundisha hii?"

"Mama yangu."

Alingoja maelezo, hakupewa. Akavuta simu yake karibu. "Endeleeni," alisema. "Napokea."

Akasema "napokea" mara thelathini na moja, na kufika ya tano alikuwa ameacha kusikiliza. Floribert alipotaja kitu cha thelathini na tisa, faili ya Idrissa Amuri, pamoja na barua ya kumwita mkuu wa upelelezi Alhamisi saa nne, Télesphore alikuwa akimwandikia mtu ujumbe na kutabasamu. "Napokea," alisema, akatia sahihi. Colombe alipaswa kufurahi. Badala yake alitaka kumpokonya ile simu na kuipigiza kwenye friji. Mtu alikuwa amepita mikononi mwake, na huyu alikuwa akitabasamu kwa mtu mwingine.

Alhamisi kamati mpya ilikaa kwa mara ya kwanza. Mkuu wa upelelezi hakuja. Alimtuma ofisa mnene mwenye suti ya kijani, aliyedhani anakuja kumpongeza mwenyekiti mpya. Wabunge sita walikuwepo, na mwandishi wa redio, na Chadia kwenye benchi la nyuma, mikono ameikunja. Colombe aliisogeza ile barua mbele ya Télesphore. Mwenyekiti akaisoma kwa sauti, kwa kuwa ndiyo aliyokuwa amewekewa, na katikati sauti yake ikapungua.

Ofisa alicheka kwa adabu. "Honorable, shauri hilo limefutika. Kifungu cha kumi na tisa, nyinyi wenyewe."

Colombe akasogeza karatasi nyingine: ukurasa wa makabidhiano, kitu cha thelathini na tisa, na sahihi ya buluu pembeni.

Télesphore aliitazama sahihi yake. Angeweza kusema shauri limekufa, lakini kwanza angelazimika kusema, mbele ya wenzake sita na redio, kwamba alipokea bila kusoma. Kisha akapiga meza.

"Unanifundisha kazi ya bunge? Miye nimeipokea, basi iko! Huyu mutu iko kwenu ao haiko?"

"Nitauliza, Honorable..."

"Sahani inaingiaka kwenu kila siku!" Chadia alipaza sauti kutoka nyuma. "Umuulize mwenye kuikula!"

"Maman, unyamaze," Télesphore alisema, lakini akamgeukia ofisa. "Umesikia? Mumufikishe mbele ya parquet, kwa mwendesha mashtaka. Jumatatu, isipite."

Na Jumatatu Idrissa Amuri alitolewa, akafikishwa mbele ya mwendesha mashtaka, ambaye hakupata shtaka la kumshtakia. Jumatano akarudi nyumbani. Chadia alimpigia Colombe simu.

"Maman, niko naye. Meno mbili haiko, na anatembea kama muzee. Unajua ameniuliza nini ya kwanza? Buti. Nani aliuza buti zake."

"Na weye ulimujibu nini?"

"Nimemwambia waasi walinunua." Akacheka hadi kicheko kikageuka kilio, na Colombe akashika simu akimsikiliza.

Ofisini walimpongeza. Mtunza vifaa alimletea soda. Colombe aliiacha ipate moto. Alikuwa amepiga chapa barua thelathini nyingine, moja kwa kila faili iliyobaki, na Télesphore alikuwa amezirudisha bila sahihi. "Polepole, Maman," alisema. "Tusiwachokoze hawa watu. Moja inatosha kwa kuanza." Moja inatosha. Colombe alikwenda nalo neno hilo hadi Kadutu, akala nalo, Venant akamuuliza mara mbili kama anaumwa. Idrissa hakutolewa kwa sababu ya sheria, wala huruma, wala kamati tatu. Alitolewa kwa sababu mwanaume mmoja aliona aibu kusema hakusoma. Na wale thelathini watangoja aibu ya nani?

Ijumaa Télesphore alisimama kwenye ukumbi wa bunge mbele ya mwandishi yuleyule wa redio. Alisema wananchi sasa wanaona matunda ya mageuzi. Alisema wiki mbili tu, na tayari baba amerudi kwa watoto wake. Colombe alikuwa akipita na faili kifuani.

"Muulizeni katibu wetu," Télesphore alisema, akamwekea mkono begani. "Maman Colombe, tumefanya kazi nzuri, hein? Waambie."

Mwandishi akaelekeza kinasa sauti mdomoni pake. Katibu hasemi, watu wote pale walijua, na walitabasamu wakingoja akubali kwa kichwa.

Colombe alitoka chini ya ule mkono.

"Wamebaki thelathini," alisema. "Wa kwanza ni Akili, mwashi wa Bagira, miezi kumi na tisa. Wa pili ni Olive, muuza makaa wa Panzi, miezi minane, alichukuliwa akiwa na mimba. Wa tatu..."

"Maman," mwandishi alisema, "tulitaka tu sentensi moja."

"Wa tatu ni msichana, jina lake Binti, mwanafunzi wa uuguzi. Wa nne ni baba yake, aliyekwenda kumuuliza."

Hakufungua faili hata moja. Télesphore alicheka kidogo, akatazama simu, akatazama mlango. Floribert alikuwa amesimama kwenye ngazi na kikapu cha barua, mdomo wazi. Kwenye jina la tisa mwandishi alizima mashine yake, akaanza kuizungushia waya. Colombe alivuta pumzi, akasema la kumi.